Konokono wa Mkono wa Kushoto

Mchungaji alingoja sadaka imalizike kukusanywa, akakohoa, akatangaza kwamba Jumapili ijayo mimi, Eunike, mwalimu wa darasa la tatu hapa Kimandolu, nitasimama mbele ya usharika kuomba radhi kwa maneno niliyosema juu ya konokono. Neno "konokono" alilitamka kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja maradhi ya mkwewe. Upande wa wanawake mtu aliguna. Upande wa wanaume mtu alicheka, kisha akajifanya anapiga chafya.

Nisipoomba radhi, ndoa yangu na Ndesanjo haitatangazwa. Kwetu ndoa hutangazwa kanisani Jumapili tatu, ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kulisema. Yangu ilipata pingamizi kabla ya tangazo la kwanza, na pingamizi lenyewe lilikuwa na gamba mgongoni.

Ulikuwa mwaka ule malkia mpya alipotawazwa Uingereza. Darasani kwangu wavulana walikuwa na fahari yao ya siri: mkojo wao ulitoka mwekundu. Waliamini ni dalili ya kukua. Mwenye mkojo wa kawaida alihurumiwa kama mtoto asiyeota meno. Nilicheka mwanzoni, mpaka nilipoona kwamba ugonjwa haukuchagua wavulana peke yao. Ndeshi, msichana aliyekuwa akinishinda kwa maswali, sasa alilala juu ya dawati kila asubuhi, midomo imemtoka rangi. Huyo Ndeshi ni mjukuu wa Mzee Philemoni, na Mzee Philemoni ni baba yake Ndesanjo. Nikashuka bomani kwa serikali kueleza. Niliomba daktari. Wakatuletea mtaalamu wa konokono.

Bwana Pettifer alikuwa mrefu, mwekundu, mwenye kaptula pana na chungio la waya lililofungwa kwenye mpini mrefu. Alifika, akaingia mferejini na viatu vyake, akachota matope, akayatazama kwa furaha ambayo sisi huiweka kwa ajili ya Krismasi. Kiswahili alifundishwa na mpishi wake. Alipokutanishwa na Mzee Philemoni alimpa mkono akasema, "Jambo. Weka mezani."

"Niweke nini?" akauliza Mzee.

"Asante. Imetosha."

Ndipo nikafanywa mkalimani.

Sasa, Mzee Philemoni hakuwa mtu mdogo. Alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa mwenyekiti wa Mfereji wa Juu. Mifereji yetu ni miwili, yote inachepuka kutoka mto mmoja utokao mlimani. Wa Juu unapita kwenye kitalu chake cha mibuni, unajaza bwawa nyuma ya shule, halafu unagawanywa kwa zamu kwenye migomba. Wa Chini unazunguka upande wa kina Bibi Anyesi. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu serikali iwahamishe kwa nguvu ndugu zetu wa Engare Nanyuki na kuwapa Wazungu ardhi yao, kwa hiyo Mzungu anayeuliza habari za maji hakukaribishwa kwa nyimbo. Mzee alikubali tu mkutano ufanyike uani kwa kanisa, baada ya ibada, ambako alijua Mungu na yeye watakuwa wenyeji.

Bwana Pettifer alisimama mbele ya watu na sinia la magamba ya konokono, akaanza kueleza kwa Kiingereza jinsi wataalamu wanavyowapanga. Mkalimani mwingine angekwepa, angesema "aina, aina, aina" mpaka watu wasinzie. Mimi sikusomea ualimu ili nikwepe. Kiswahili hakijawahi kuniangusha, nami sikuwa tayari kukiangusha mbele ya Mzungu.

"Konokono hawa," nikasema, "ni mbari moja. Mbari hiyo inaitwa Bulinusi. Ndani ya mbari mna nyumba nyingi. Baadhi ya nyumba zinabeba ugonjwa wa kukojoa damu: mdudu anakua ndani ya konokono, anatoka majini, anaingia kwenye ngozi ya mtoto anayeoga. Nyumba nyingine hazina hatia."

Wazee wakaamka. Mambo ya mbari wanayajua.

"Mbari hiyo imetoka wapi?" akauliza Mzee Philemoni.

"Mtoni, baba."

"Sikuulizi wanakaa wapi. Nauliza wametoka wapi. Sisi tulitoka Usambara."

Nikamfasiria Bwana Pettifer, naye akapiga paja kwa furaha. Alisema hilo ndilo hasa wataalamu wanaloligombania, na kwamba wawili kati yao hawasalimiani mpaka leo.

"Umesikia?" Mzee akawaambia wenzake. "Hata kwao kuna ugomvi wa mipaka."

Bibi Anyesi, aliyekaa mbele kabisa kwa sababu ya masikio yake, akainua fimbo. "Na wanaoa wapi? Maana mtu haoi mbari yake."

Hapo Bwana Pettifer alieleza kwa kirefu, nami nikafasiri kwa kifupi. Kila konokono ni mume na ni mke. Akikosa mwenzake, anazaa peke yake.

"Anajioa?"

"Anajioa, bibi."

"Na ng'ombe wa mahari anampelekea nani?"

"Anawatoa zizini, anawazungusha nyumba, anawarudisha zizini."

Uani palichangamka. Hata Mchungaji alitabasamu kidogo, na kwa Mchungaji kidogo ni kingi. Mzee Philemoni peke yake hakutabasamu. Alisema mbari isiyo na wakwe haiwezi kuwa na adabu, na ndiyo maana inaleta ugonjwa.

Halafu Bwana Pettifer akafundisha jinsi ya kuitambua mbari yenyewe. Akashika gamba moja, ncha juu, mdomo wa gamba ukimtazama. Mdomo ukiwa upande wa kushoto, huyo ni Bulinusi. Ukiwa kulia, ni wa mbari nyingine, asiye na habari na watoto wetu. Nikafasiri neno kwa neno: "Ncha juu, mdomo ukutazame." Nikaonyesha kwa mkono wangu. Watu wakaitikia.

"Kushoto!" akasema Mzee Philemoni. "Hata mimi ningemwambia bila darubini. Ubaya utoke upande gani mwingine?"

Tukapatana kwamba Jumamosi kila mfereji ulete konokono wake kwenye bakuli. Mfereji utakaoonekana na wa mkono wa kushoto utafungwa ukauke, halafu utiwe mrututu, dawa ile ile tunayonyunyizia mibuni. Wakati wa kiangazi, mwenye kitalu cha miche hawezi kusikia neno "utafungwa" akalala vizuri. Nilimwona Mzee akigeuka kutazama upande wa kitalu chake.

Kama mkutano ungeishia hapo, ndoa yangu ingetangazwa kwa amani. Lakini Ndesanjo wangu, ambaye ana tabia ya kuuliza swali watu wakiwa wameshashika kofia, aliinua mkono. Tukishajua mbari, akasema, nyumba yenye hatia tutaijuaje?

Bwana Pettifer akasema gamba linadanganya. Maji ya kasi hulifanya nene, maji yaliyotuama hulirefusha. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuonekana wageni. Lazima umpasue konokono, umtazame ndani, hasa kiungo chake cha kiume. Huko ndiko kwenye ukweli. Na baadhi yao, akaongeza, hawana kiungo hicho kabisa, hilo nalo ni dalili.

Watu wote wakanitazama. Mama yangu Lydia alinitazama kwa namna ya kunisihi. Nilijua anachotaka: niseme "sehemu zile", au "mambo yake", au nikohoe. Lakini tuna neno safi, la watu wazima, linaloandikwa bila aibu. Lugha iliyojitengenezea neno haitaki kufunikwa blanketi.

"Inabidi kutazama uume wake," nikasema. "Na wengine hawana kabisa."

Nyuki aliyekuwa akizunguka kwenye maua ya kanisa alisikika vizuri sana.

"Hana kabisa?" Bibi Anyesi akauliza. "Na bado anazaa?"

"Anazaa, bibi."

"Philemoni!" Alikuwa anacheka mpaka khanga ikamwanguka begani. "Philemoni, unasikia? Kumbe mlikuwa mapambo!"

Mzee Philemoni akafunga mkutano kwa sala. Ilikuwa sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, na nusu yake ilinihusu mimi.

Jumamosi watu walikusanyika penye banio, pale maji yanapogawanyika. Bwana Pettifer alikuwa bado njiani, gari lake limezama kwenye tope la daraja. Mzee Philemoni hakumngoja. Alikuwa amekwisha kaa na wazee wenzake kwenye gogo, bakuli la Mfereji wa Juu mbele yake na la Mfereji wa Chini pembeni. Walichambua kwa uzito, gamba moja moja, kama watu wanaosikiliza kesi. Mwishowe akasimama.

"Ndugu zangu, konokono wa Mfereji wa Juu ni wa mkono wa kulia. Wote. Ni konokono wanaojua kusalimia. Wa Mfereji wa Chini ni wa kushoto. Poleni. Mfereji wa Chini ufungwe."

Upande wa kina Bibi Anyesi wakaanza kunung'unika. Mimi nilikuwa naangalia bakuli. Asubuhi ile nilichota mwenyewe bwawani, nyuma ya shule, na wote niliowapata walikuwa wa kushoto.

"Baba," nikasema, "naomba unionyeshe mmoja."

Akachukua gamba, akaliinua. Na hapo nikaona. Alikuwa amelishika mdomo juu, ncha chini. Ukilipindua gamba namna hiyo, kushoto kunakuwa kulia, na kulia kunakuwa kushoto. Nikawatazama wazee wengine kwenye gogo. Wote, kila mmoja, mdomo juu, ncha chini.

"Baba, umelishika kichwa chini."

"Mdomo uko juu."

"Ncha ndiyo inayotakiwa kuwa juu."

"Binti, kitu chenye mdomo hushikwa mdomo juu." Alisema kwa upole wa kumfundisha mtoto. "Ukikigeuza, kinamwagika."

Wazee wakatikisa vichwa: ndivyo. Na kweli ndivyo, kwa mtu aliyekulia Meru. Kitu kilichopinda, chenye mdomo upande mmoja na ncha upande mwingine, mkono wetu unakijua tangu zamani. Kidole gumba kwenye ukingo. Kidole cha mwisho kinaizuia ncha kwa chini, ili hata tone lisipotee. Hakuna aliyewafundisha kulishika gamba hivyo. Mikono ilikumbuka yenyewe.

Nami nikasema, kwa sauti ya darasani, maana sina nyingine: "Baba, hilo ni gamba la konokono. Si pembe ya pombe."

Lazima nieleze kwa nini watu waliacha kupumua. Katika usharika wetu mnywaji wa pombe ya ndizi hutengwa na meza ya Bwana mpaka atubu. Na anayepeleka majina ya wanywaji kwa Mchungaji, kwa miaka mingi, bila kuchoka, ni Mzee Philemoni.

"Kidole cha mwisho," akasema Bibi Anyesi polepole, akinyoosha fimbo. "Jamani, tazameni kidole cha mwisho."

Mzee akakitazama. Kilikuwa pale pale, chini ya ncha, kikifanya kazi yake kwa uaminifu. Akalitupa gamba kama kaa la moto.

Bwana Pettifer akafika akiwa na tope mpaka magotini. Akachukua mabakuli yote mawili, akageuza magamba, ncha juu, na hukumu ikapinduka: wa Juu ndio wenye Bulinusi. Akaketi kwenye gogo na kisu chake kidogo, akapasua wachache, akachungulia panapohusika, akasema ni nyumba ile ile yenye hatia. Lakini mfereji ni wa watu wake. Bila kauli ya mwenyekiti usingefungwa, na serikali yenyewe haikutaka ugomvi mwingine na Wameru juu ya maji.

Na mwenyekiti akatoa kauli. Mkalimani amekosea, akasema. Mzungu alisema ncha chini, huyu binti akasema juu. Na mkalimani huyo huyo amesema neno chafu uani kwa kanisa, mbele ya mama yake mzazi. Asimame mbele ya usharika, aombe radhi kwa neno na kwa kosa la tafsiri, ndipo habari ya mifereji na habari ya ndoa zitazungumzwa. Pembe hakuitaja. Hakuna aliyeitaja. Wiki nzima hakuna aliyezungumza jambo lingine.

Ndesanjo alikuja Alhamisi, jioni, akasimama nje ya uzio wa shule kama mtu aliyekuja kununua mayai.

"Eunike. Ni maneno machache tu. Yaseme yapite."

"Maneno gani?"

"Kwamba ulikosea. Halafu tukishatangazwa, tutamweleza baba taratibu."

"Nikishasema madhabahuni kwamba ncha ni chini, Mfereji wa Juu ni safi. Ukiwa safi, Jumatatu watoto wanaoga. Unajua nani anaoga pale?"

Alijua. Anampenda Ndeshi, ndiye aliyemchongea kibao chake cha kwanza cha kuandikia.

"Baba atakufa kwa aibu," akasema.

"Aibu haimkojozi mtu damu."

Nikatoa gamba mfukoni, nikampitishia kwenye uzio. "Lishike."

Akalishika. Mdomo juu. Kidole cha mwisho chini ya ncha.

"Hata wewe!"

"Sinywi, naapa!" Aliruka nyuma. "Mkono umekumbuka tu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa..." Akatazama huku na huku. "Nilikuwa namshikia baba akienda kufungua mlango."

Nilicheka mpaka nikashika uzio. Naye akacheka, lakini alikuwa wa kwanza kuacha. Alilitia gamba mfukoni akaondoka bila kuniambia kama bado ni wangu.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Watu wa Engutoto, ambao wana kanisa lao, walikuja kwetu kwa toba yangu. Wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto, kama kawaida. Ndeshi alikuwa amelala mapajani kwa bibi yake. Mzee Philemoni alikaa kwenye kiti cha wazee, mikono ameikunja kwapani, vidole vyote vimefichwa.

Mchungaji akaniita. Nikapanda, gamba lingine mkononi.

"Mwalimu Eunike, uko tayari?"

"Niko tayari, Mchungaji. Lakini nimeambiwa nitubu kwa kosa la gamba, na wengi humu hawajaliona. Naomba unishikie hili wakati ninasema."

Naapa sikuwa na hila. Nilitaka tu mikono yangu iwe huru. Mchungaji akalipokea gamba, akaliinua watu waone. Kidole gumba kwenye ukingo. Kidole cha mwisho chini ya ncha.

Kicheko kilianzia upande wa kushoto, kwa Bibi Anyesi, kikavuka katikati kikawakamata wanaume, na watu wa Engutoto wakaning'inia madirishani wakilia machozi. Mchungaji alitazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Mpiga kinanda, kwa kutojua la kufanya, akaanza wimbo, akaacha.

Kelele zilipopungua, Ndesanjo alikuwa amesimama kati ya wanaume. Alikuwa ameshika lile gamba nililompitishia uzioni. Safari hii ncha ilikuwa juu.

"Ncha juu," akasema. "Mdomo unanitazama. Uko kushoto. Jana nimewachota wengine bwawani nyuma ya shule, kwenye mfereji wa baba, nao ni hivyo hivyo." Akamgeukia baba yake. "Ndiko anakooga Ndeshi."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Philemoni alitazama ng'ambo, upande wa wanawake, mahali mtoto alipolala na mdomo wazi, fizi nyeupe. Alimtazama muda mrefu. Kisha akatoa mikono kwapani.

"Mfereji wa Juu ufungwe," akasema. "Miche nitaimwagilia kwa debe." Akavuta pumzi, na kwa kuwa alikuwa Mzee Philemoni, akaongeza: "Lakini huyu binti aombe radhi kwa habari ya pembe."

"Na kwa lile neno," akasema Mchungaji, ambaye bado alikuwa akitafuta mahali pa kuliweka gamba.

Watu wote wakanigeukia. Mama yangu alinitazama tena kwa namna ile ya kunisihi. Ndesanjo alinitazama pia, ila yeye alikuwa anauma mdomo asicheke.

"Ndoa mtaitangaza siku mtakayopenda," nikasema, "na msipoitangaza, mimi na Ndesanjo tutaitangaza wenyewe. Mfereji ufungwe kesho. Ama radhi, siombi. Siombi kwa pembe, na siombi kwa uume."

Nikashuka, nikaenda kukaa upande wa kushoto.